Kadi ninayo mkononi, gari wanasema ni ya kwao

Shikamoo shangazi,

Mi ni kijana wa miaka 31, naishi Uyole hapa Mbeya, nina mke na watoto wawili, kazi yangu ni viazi. Nachukua Isongole na vijiji vya kule juu nashusha Soweto, siku zingine SIDO. Miaka yote nlikuwa nakodi gari na ukikodi gari kila gunia linakula faida, yani unafanya kazi unamfanyia mwenye gari. Sasa mwezi wa tatu nkasema ngoja na mimi ninunue kirikuu yangu, kale kagari kadogo ka mizigo, hata kama imechoka kidogo, nlikuwa na milioni 6 nimeitunza, mama watoto akakopa 2,500,000 kwenye kikoba chao akanipa, ikawa 8,500,000.

Dalali mmoja wa Kabwe akanipeleka kwa jamaa wa Ilomba. Kirikuu nyeupe, namba D, bodi safi, injini haina kelele. Kadi akanionyesha ina jina lake, namba ya chesisi nkailinganisha mwenyewe na tochi ya simu, tarakimu kwa tarakimu, ikakubali. Na bima kubwa ilikuwa bado ina miezi, dalali akasema hapo umelamba bingo. Nkamuuliza kabisa mwenye gari, kaka hii gari haina deni? Akasema mdogo wangu mimi nina familia kama wewe siwezi kukufanyia hivyo. Tukaandikishana ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akagonga muhuri, na imeandikwa "gari haina deni wala mgogoro wowote". Milioni 6 nkampa taslimu mbele ya mwenyekiti, ile 2,500,000 nkamtumia kwa simu. Kubadilisha jina TRA nkasema ntafanya msimu wa viazi ukiisha kwa sababu hela ilikuwa imeisha yote.

Wiki ya pili fundi pale Mwanjelwa alikuwa anatafuta waya wa taa chini ya dashibodi akatoa kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, kimezungushiwa tepu na kina waya zinaenda kwenye umeme wa gari. Akaniuliza hii nini? Nkampigia yule jamaa akasema ah hiyo alamu ya zamani haifanyi kazi, iache tu. Tukairudisha.

Alhamisi iliyopita saa mbili asubuhi niko Soweto nashusha magunia, wakaja vijana wawili na mzee mmoja ana faili. Mzee akaniita kwa jina la yule jamaa. Nkasema sio mimi. Akafungua faili, kuna kopi ya mkataba wa mkopo, namba ya gari yangu ileile, na kopi ya kadi. Shangazi kadi mi ninayo nyumbani kabatini! Wanasema orijino iko ofisini kwao, mwenye gari alikopa akaacha kurejesha, deni na faini limefika 4,700,000, wananipa siku 14 la sivyo wanakuja kuivuta. Wakanipa karatasi nisaini kwamba nimetaarifiwa na nimekubali, nkawaambia sioni vizuri bila miwani. Nlidanganya, nliogopa tu.

Yule jamaa mwanzo alipokea simu akasema subiri nivune mpunga Kyela ntalimaliza, sasaivi hapatikani kabisa, majirani zake wanasema kahamia Tunduma. Dalali anasema yeye alitukutanisha tu. Wenzangu sokoni kila mtu na lake, mmoja anasema toa kile kidude upeleke gari Chunya kwa shemeji yako mpaka watakapochoka, mwingine ana mtu wa Mbalizi yuko tayari kutoa milioni 6 leo leo na haulizi chochote. Au nilipe tu hiyo 4,700,000 yaishe?

Mama watoto sijamwambia. Kila Jumapili anapeleka rejesho kikoba na Jumamosi usiku ananiuliza baba leo gari imeingiza ngapi, mi namhesabia tu hela naangalia chini. Nisaidie shangazi, zimebaki siku tisa. Ndaga fijo.

Baba wa wawili, Uyole

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla sijasema lolote lingine naomba leo usifanye vitu viwili: usipeleke gari Chunya, na usimuuzie mtu wa Mbalizi.

Nakwambia hivi kwa sababu kabla ya kustaafu nilikaa miaka kumi na moja kwenye ofisi ya mikopo, kwanza Makambako halafu Iringa mjini, na nimeona magari yakiletwa yadi huku aliyenunua anakimbia nyuma na ndala mkononi. Mpaka leo wewe ni mtu aliyeibiwa. Ukiificha gari huku umeshapewa taarifa, wewe unaanza kuonekana mwenzake na yule jamaa, na ule mkataba wako wenye muhuri unapoteza nguvu mbele ya askari na mbele ya hakimu. Na kumuuzia mwingine ndo mbaya zaidi, kwa sababu wewe sasa unajua. Yule alikwambia haina deni ukamwamini, na wewe utamwangalia huyo wa Mbalizi usoni umwambie nini? Hiyo milioni 6 itakuja na kesi yake. Kile kidude nacho kiache hapo hapo kilipo, ni GPS, inawaonyesha gari iko wapi, ndo iliyowaleta Soweto, ukiking'oa unawaambia umeanza kujificha.

Haya, sasa tuongee kuhusu kadi maana hapo ndo pana jibu lako.

Gari moja haiwezi kuwa na kadi mbili zinazofanya kazi. Kama wao wana orijino na wewe una orijino, moja imetolewa baada ya nyingine, na mara nyingi inakwenda hivi: mtu anakopa, anaacha kadi kwa mkopeshaji, halafu anaenda polisi kuripoti kadi imepotea, anapata karatasi ya upotevu, anaipeleka TRA anatolewa kadi nyingine. Hiyo ya pili ni kadi halali kwa karatasi, ila imepatikana kwa uongo. Anakuja kukuuzia nayo. Wewe unalinganisha chesisi, inakubali, lazima ikubali, gari ni ileile! Kwa hiyo usijilaumu kwamba hukuangalia. Uliangalia kitu sahihi, ila kadi inakwambia gari ni ya nani, haikwambii amekopea wapi.

Ila kuna njia ya pili, na hii ndo inanifanya nikuulize kwa msisitizo: mkopo wao una tarehe gani? Kwa sababu wewe hukubadilisha jina, kwa TRA gari bado ni ya yule jamaa, na mtu ambaye gari bado ina jina lake anaweza kuiuza leo halafu kesho kutwa akasema kadi imepotea, akatoa nyingine, akaenda kukopea gari ambayo iko Uyole inabeba viazi vya mtu. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Kama mkopo umesainiwa baada ya mkataba wako wa mwezi wa tatu, basi aliweka rehani kitu ambacho alishakiuza, na hao wenye faili ndo wenye kazi ya kumtafuta. Kama ulisainiwa kabla, mambo ni magumu zaidi kwako, lakini sio kwamba yameisha.

Mimi nikisoma barua yako naona ulikuwa kabla. GPS uliikuta wiki ya pili, imeshafungwa. Na ile bima kubwa. Mwanangu, kirikuu namba D ya milioni nane na nusu, nani anaikatia bima kubwa kwa hiari yake? Wengi wanakata bima ndogo ya kuonyesha trafiki basi. Bima kubwa kwenye gari ya namna hiyo mara nyingi imelazimishwa na aliyetoa hela, ili gari ikiungua asipoteze. Itafute hiyo karatasi ya bima uisome yote, wakati mwingine jina la mkopeshaji limeandikwa humo humo kama mwenye maslahi. Kama lipo, umepata ushahidi bila kuomba mtu.

Lakini tusikisie, nenda ukaone. Kesho asubuhi usiende na gari, panda daladala, chukua mkataba wako, kopi ya kadi yako na kitambulisho cha NIDA, nenda ofisini kwao sio kwa wale vijana wa barabarani, na nenda na mtu mzima mmoja wa kushuhudia. Omba kwa heshima uone mkataba wa mkopo, tarehe yake, sahihi, kadi waliyonayo, na mchanganuo wa deni: alikopa ngapi, amerejesha ngapi, riba ngapi, faini ngapi. Uliza leseni yao. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni, hata kama ni mtu mmoja na meza yake, na hawa kausha damu wengi wanaozunguka na mafaili hawana. Wakikuonyesha sawa, wakikataa, andika tarehe na jina la aliyekataa, Benki Kuu ina tawi hapo hapo Mbeya na malalamiko dhidi ya wakopeshaji wanayapokea. Na usisaini kitu chochote chenye neno "nimekubali". Uliwatoroka kwa miwani, umefanya vizuri, safari hii waambie tu kwamba utasaini baada ya wakili kusoma.

Ukitoka hapo nenda TRA, waeleze kila kitu kama ulivyonieleza mimi, uliza kumbukumbu zao zinasema kadi ipi ilitolewa lini na kwa sababu gani. Wanaweza kukwambia wanahitaji barua ya polisi ndo watoe maandishi, usikasirike, ndo utaratibu, na polisi unaenda hata hivyo.

Polisi sasa. Utafika kaunta utaanza kueleza, na kuna uwezekano mkubwa askari akakwambia hii ni madai, nenda mahakamani. Usiondoke. Mwonyeshe lile neno kwenye mkataba, "gari haina deni wala mgogoro wowote", na muhuri wa mwenyekiti, halafu mwonyeshe kopi ya mkopo. Mwambie huyu mtu alisema jambo anajua ni uongo ili nimpe hela, na nikampa. Hiyo ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, ipo kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302, na kama kweli aliripoti kadi imepotea huku ameiacha kwa mkopeshaji, hapo kawadanganya na wao polisi wenyewe. Chukua namba ya RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, usitoke bila RB. Dalali aandikwe, aje aseme alikutanisha nani na nani na alilipwa ngapi. Meseji za muamala wa ile 2,500,000 usizifute, piga picha, na nenda kwa mtandao wa simu uombe taarifa ya miamala iliyochapishwa. Na mwenyekiti wa mtaa aliona milioni 6 zikihesabiwa, huyo ni shahidi wa dhahabu, mpitie nyumbani kwake mapema kabla na yeye hajaanza kusema mimi niligonga muhuri tu.

Wakili. Najua utasema hela hakuna, lakini hapa usibane matumizi, na kama kweli huna kabisa msaada wa kisheria bure upo, kuna sheria yake tangu 2017, uliza ustawi wa jamii wilayani watakuelekeza. Atakuuliza alichouliza kila wakili niliyewahi kufanya naye kazi: huo mkataba wa rehani umesajiliwa? Maana mkopeshaji aliyeshika kadi tu akaifungia kwenye droo, na mkopeshaji aliyesajili rehani yake kisheria, sio watu sawa mbele ya mtu aliyenunua kwa nia njema. Wengi tuliokuwa kwenye hizi kazi tulikuwa tunashika kadi tukilala usingizi. Kwa upande wa yule jamaa, Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, iko na wewe, anayeuza anahesabika ameahidi kwamba kitu hakina mzigo wa mtu mwingine ambao hakumwambia mnunuzi, hata msingeliandika. Na nyie mmeandika! Kwa hiyo dai lako kwake ni la hela zako, na kama wale wanang'ang'ania kuvuta gari huku karatasi hazijakaa sawa, wakili anaweza kuomba zuio mahakamani mpaka mambo yasikilizwe. Ndo maana nakwambia kesho, sio wiki ijayo, siku tisa sio nyingi.

Ikitokea wamekuja kabla hujamaliza haya, usipigane. Usilale chini ya tairi. Waombe barua ya kazi na leseni ya udalali, piga simu polisi, shusha viazi vyako, piga picha gari pande zote na dashibodi, na waandike vitu vilivyomo, spea tairi, jeki, redio. Nimeona kirikuu ikiingia yadi na tairi nne nzima, inatoka kwenda mnada ina vipara vinne.

Sasa hiyo 4,700,000. Usilipe leo, ila usiseme pia kwamba hulipi kamwe. Nakwambia siri ya upande ule: hawataki gari, wanataka hela. Yadi inawagharimu, dalali wa mnada anachukua chake, mnadani watu wanakuja kununua kwa bei ya kutupa, na afisa mikopo ana faili limekaa jekundu mezani kwake kila mwezi anaulizwa. Kwa hiyo mtu akija na pesa mkononi na mkataba wenye muhuri na RB, wanasikiliza. Ukishaona mchanganuo utakuta faini ndo imejaza hilo deni, na faini ndo kitu cha kwanza wanachoweza kufuta. Sasa piga hesabu yako: umeshatoa 8,500,000, ukiongeza deni lote unafika 13,200,000 kwa kirikuu namba D, hapana, hiyo bei simkubalii mwanangu. Ila kama wakili akisema karatasi zao ziko imara, na wao wakakubali kupokea mtaji uliobaki tu bila faini, na wakakupa miezi kadhaa ya kulipa, na gari inakulisha kila siku, mimi ningeongea nao. Kwa masharti haya sitanii: makubaliano yaandikwe na wakili, hela iingie akaunti ya ofisi sio simu ya afisa hata kama anakuita mdogo wangu, siku ya malipo ya mwisho wakukabidhi ile kadi na barua ya kumaliza deni, na iandikwe kwamba umelipa kwa niaba ya yule jamaa ili ukimdai mahakamani uidai na hiyo. Ukilipa kimya kimya itaonekana ulilipa deni lako mwenyewe.

Na jina. Mwanangu hapa nakusema kidogo kama mama yako angekusema. Ada ya kuhamisha umiliki ni 50,000, kadi mpya 10,000, ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, kwako 85,000. Jumla 145,000, hela ya magunia machache. Ungeenda naye TRA siku ileile ya kununua, na zile 2,500,000 za mwisho ungezishika mpaka mtoke pale dirishani, huenda yangegundulika palepale, au yeye angetafuta sababu ya kutokuja na wewe ungejua. Wanaosoma hii na wana hela ya gari mfukoni, hasa nyie wa Mafinga na Njombe mnaouza mbao na parachichi mkapata mzigo kwa mkupuo mkakimbilia kwa dalali, tafadhali hela ya mwisho ilipieni TRA. Na mkiona kadi inang'aa kama ya jana wakati gari ina miaka kibao na jina halijabadilika, ulizeni ya zamani iko wapi.

Limebaki la mama watoto, na ndo lililonikosesha usingizi kuliko hata gari. Mwambie leo, kabla hujaenda popote. Usimwambie Jumamosi usiku wakati wa kuhesabu hela, mwambie leo watoto wakilala. Ile 2,500,000 anaijibia yeye mbele ya wanawake wenzake kila Jumapili, anakaa kwenye kiti cha plastiki anasoma jina lake na rejesho lake kwa sauti. Gari ikivutwa Soweto mchana, wanakikoba watajua kabla yake, Uyole na Soweto ni pua na mdomo. Usimfanyie hivyo. Na akijua mapema anaweza kuomba kikoba kimsogezee marejesho wakati bado hajakosa hata moja, mtu anayeomba kabla ya kukosa anasikilizwa. Halafu nakuuliza, yule mtu mzima wa kwenda naye ofisini kesho, kwa nini asiwe yeye? Gari hiyo ni yake pia. Mimi niliwaona wengi wakija pale kwenye meza yangu, na wanaume waliokuja na wake zao ndo walikuwa wanasoma karatasi mpaka mwisho, mmoja anasoma mwingine anauliza.

Ukishaiona tarehe ya mkopo niandikie siku hiyohiyo, na jina la ofisi usiniandikie, nataka tarehe tu, na kama kwenye karatasi ya bima kuna jina la mtu mwingine.

Shangazi yako, Iringa